Mgongo Usiopoa: Huenda Ni Jongo

Leo tunazungumza juu ya mgongo. Sio ule unaouma kwa siku mbili baada ya kubeba mitungi ya maji. Ni ule unaouma wiki baada ya wiki, na sababu yake ikawa ugonjwa wa jongo.

Jongo wengi wetu huuita gauti. Mnaujua kwa kidole gumba cha mguu. Mtu analala mzima, usiku wa manane anaamshwa na kidole kimevimba, kina joto, hata shuka likikigusa anapiga yowe. Huletwa na taka iitwayo asidi ya yuriki. Kazi ya figo ni kuichuja na kuitoa kwa mkojo. Ikizidi mwilini hugeuka kuwa vichembe vyenye ncha kama sindano, vikajikusanya kwenye viungo. Miaka ikipita bila matibabu, huota vinundu vigumu kwenye vidole, viwiko na masikio. Ndani yake mna kitu cheupe kama chokaa.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Uti wa mgongo umeundwa kwa pingili nyingi, na baina ya pingili mna viungo vidogo. Vichembe hivi vinaweza kukaa humo pia, hasa kiunoni. Haitokei kwa wagonjwa wengi, lakini hutokea, zaidi kwa mtu aliyeishi na jongo miaka mingi. Vinundu vikikua huibana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni na kwenye kibofu.

Niliwahi kumtembelea mzee mmoja huko Likoni, akitunzwa na mkaza mwanawe. Vidole vyake vilikuwa na vinundu kwa miaka mingi, na kila vikiuma alinunua dawa ya maumivu dukani. Mgongo ulipoanza, alichuliwa kwa mafuta, akakandwa kwa maji moto. Watu wakasema ni uzee. Baadaye akawa na homa za jioni, miguu ikaanza kufa ganzi. Siku niliyofika, mkaza mwana alininong'oneza mlangoni: "Sista, jana amejikojolea wala hakujua." Siku ile ile tulivuka feri kwenda hospitali.

Hofu ya kwanza ya daktari ilikuwa TB ya mifupa. Hakukosea. TB hushambulia uti wa mgongo, na huleta maumivu na homa vilevile. Hata jipu au saratani huweza kufanana na jongo kwenye picha. Ndiyo maana hatubahatishi. TB ya mifupa hutibiwa kwa dawa za miezi mingi, na mojawapo ya dawa hizo, pirazinamaidi, hupandisha asidi ya yuriki. Dawa kali za kutuliza jongo nazo zinaweza kuipa TB nguvu.

Basi ugonjwa hujulikanaje? Kwanza ni maswali na kupimwa kwa mikono. Daktari huangalia nguvu za miguu na ganzi. Mtunzaji, hapa una kazi. Mwambie kama mgonjwa amewahi kuvimba kidole gumba, na umwonyeshe vinundu. Mzee wetu alikuwa amefunikwa miguu kwa shuka. Mkaza mwana ndiye aliyeifunua.

Pili ni damu. Hupimwa asidi ya yuriki na kazi ya figo. Lakini wakati wa maumivu makali asidi inaweza kuonekana ya kawaida, kwa hiyo usirudi nyumbani ukisema gauti haipo. Tena wako wenye asidi nyingi wasio na jongo kabisa.

Tatu ni picha, na picha hazilingani. Eksirei ni ya bei nafuu na ni mwanzo mzuri, lakini ugonjwa ukiwa mchanga mara nyingi haionyeshi kitu. Skani ya CT huona mfupa vizuri zaidi: mahali ulipoliwa na mahali vinundu vilipokaa. Iko skani ya CT ya aina ya pekee inayotumia miale ya nguvu mbili, kisha kompyuta huyapaka rangi yake maeneo yenye vichembe vya jongo. Haipatikani kila hospitali. MRI huonyesha mishipa ya fahamu na mahali ilipobanwa, lakini peke yake haiwezi kusema kwa uhakika kama uvimbe ni jongo, jipu au TB.

Kwa hiyo mara nyingine daktari huingiza sindano, akiongozwa na picha, na kuchukua kipande kidogo. Maabara hukiangalia kwa hadubini yenye mwanga maalumu. Njia hii ya kuvitambua vichembe ilielezwa Marekani mwaka 1961, na mpaka leo ndiyo yenye uhakika zaidi. Taja jongo kabla ya kipimo, kwa sababu fomalini ya kuhifadhia vipande huweza kuviyeyusha vichembe. Spiriti huviacha.

Kabla ya MRI, vua bangili, hereni na pini za mtandio. Sema kama mgonjwa ana chuma mwilini au kifaa cha moyo. Kabla ya eksirei au CT, mwenye mimba aseme. Mwenye figo mbovu aseme kabla ya kudungwa dawa ya picha. Beba dawa zote anazotumia, maana baadhi ya dawa za presha, zile za kukojoza, hupandisha asidi. Lakini usimwachishe wewe mwenyewe.

Mzee wetu alikutwa na jongo. Alipewa dawa ya kutuliza, kisha alopurinoli ya kupunguza asidi, kuanzia kiwango kidogo. Dawa hii haiachwi maumivu yakiisha. Sasa anatembea kwa mkongojo, ila mguu mmoja bado anauburura. Tungalifika mapema, huenda ungalipona.

Kuhusu chakula, apunguze maini, figo, utumbo na dagaa. Pombe aiache, na mnazi ni pombe. Soda zenye sukari pia apunguze. Mbaazi na maharagwe msimnyime, hayajaonekana kuongeza jongo. Maji anywe ya kutosha, isipokuwa daktari amemwekea kipimo.

Tukumbushane. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukiona haya:
- miguu inalegea au kufa ganzi;
- mkojo au choo kinatoka bila kujua, au mkojo unakataa kutoka;
- ganzi katikati ya mapaja;
- mgongo unauma pamoja na homa au kukonda.

Ukiwa Likoni, Kisauni au Changamwe, usingoje mpaka upate nauli ya kwenda hospitali kubwa. Anza na kituo kilicho karibu, waandike barua ya rufaa. Na usiione haya kutaja mkojo wa mzee wako. Maneno yale ya mlangoni ndiyo yaliyomwinua mzee wetu kitandani.