Usahihi wa kihistoria wa filamu ya Bohemian Rhapsody

Usahihi wa kihistoria wa filamu ya Bohemian Rhapsody ni suala ambalo mashabiki wa bendi ya Queen wamelibishania tangu filamu hiyo ilipoanza kuonyeshwa mwezi Oktoba 2018. Filamu inasimulia maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi hiyo ya muziki wa rock kutoka Uingereza, aliyezaliwa Zanzibar kwa jina la Farrokh Bulsara. Mabishano yanahusu hasa tarehe na matukio yaliyopangwa upya: jinsi bendi ilivyoundwa, kama iliwahi kuvunjika, na lini Mercury aligundua kwamba ana virusi vya Ukimwi. Yanahusu pia mambo yaliyoachwa nje, na mawili kati ya hayo ni ya Afrika: utoto wake kisiwani Unguja na maonyesho ya Queen huko Sun City mwaka 1984.

Filamu yenyewe

Filamu iliongozwa na Bryan Singer. Alifukuzwa Desemba 2017 kabla kazi ya kupiga picha haijakamilika, na Dexter Fletcher akaimalizia, ingawa jina la Singer peke yake ndilo linaloonekana kama mwongozaji. Mswada uliandikwa na Anthony McCarten. Mercury aliigizwa na Rami Malek, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Misri. Sauti inayosikika katika nyimbo ni mchanganyiko wa rekodi za Mercury mwenyewe, sauti ya Malek na ya mwimbaji Marc Martel wa Kanada. Filamu iliingiza zaidi ya dola za Marekani milioni 900 duniani kote, na mwezi Februari 2019 ilipata tuzo 4 za Oscar, ikiwemo ya mwigizaji bora wa kiume.

Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga drams, walishiriki kama wasimamizi wa muziki wa filamu. Jim Beach, meneja wa Queen, alikuwa mmoja wa watayarishaji. Kwa sababu hiyo ni vigumu kusema kwamba tarehe zilikosewa kwa kutojua, kwani waliokuwepo wenyewe walisimama karibu na kamera. Mwigizaji Sacha Baron Cohen, ambaye awali alitajwa kumwigiza Mercury, alijitoa mwaka 2013 kutokana na tofauti kuhusu namna ya kusimulia, na baadaye alieleza kwamba upande wa bendi ulitaka hadithi inayoendelea muda mrefu baada ya kifo cha mwimbaji wao. Mpiga gitaa la besi, John Deacon, alijitenga na muziki tangu miaka ya 1990 na hakujitokeza katika mjadala huu. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991 akiwa na umri wa miaka 45.

Kuundwa kwa bendi na nyimbo

Katika filamu, kijana anayepakua mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow anakwenda kuwaona wanamuziki wa kundi la Smile usiku uleule mwimbaji wao Tim Staffell anapojiuzulu, naye anachukua nafasi yake papo hapo. Kazi ya mizigo Heathrow aliifanya kweli. Lakini Mercury na Staffell walikuwa wanafunzi pamoja katika chuo cha sanaa cha Ealing, na Mercury alikuwa rafiki wa Smile kwa muda mrefu kabla ya kujiunga nao mwaka 1970. Alikuwa ameshaimba katika makundi mengine, likiwemo Ibex. Deacon, anayeonekana jukwaani tangu onyesho la kwanza, alijiunga mwaka 1971 baada ya wapiga besi wengine kupita.

Nyimbo nazo zimehamishwa. Ziara ya kwanza ya Marekani, iliyofanyika mwaka 1974, inasindikizwa na wimbo Fat Bottomed Girls ambao ulitoka mwaka 1978. We Will Rock You, wa mwaka 1977, unaonekana ukitungwa mwaka 1980 huku Mercury akiwa tayari na masharubu. Bosi wa EMI anayekataa wimbo Bohemian Rhapsody kwa sababu ya urefu wake, Ray Foster, hakuwahi kuwepo. Ni mhusika wa kubuni. EMI ndiyo iliyoutoa wimbo huo tarehe 31 Oktoba 1975, na Queen haikuondoka katika kampuni hiyo kwa hasira.

Mashabiki wengi wako tayari kuyasamehe haya. Saa mbili na robo hazitoshi kwa miaka kumi na tano, na mtazamaji asiyehesabu miaka hapotezi kitu kikubwa kwa masharubu kuonekana mahali yasipopaswa.

Mfarakano ambao haukutokea

Ubishi mkali unahusu sehemu ya mwisho ya filamu. Humo Mercury anawaambia wenzake kwamba amesaini mkataba wa dola milioni 4 kurekodi albamu zake peke yake. Wenzake wanaona wamesalitiwa. Bendi inatengana, yeye anapotea Munich katika anasa pamoja na meneja wake binafsi Paul Prenter, kisha anarudi kuomba msamaha, na wote wanapanda jukwaa la Live Aid wakiwa hawajapiga pamoja kwa miaka.

Queen haikuvunjika. Albamu The Works ilitoka Februari 1984, na ziara yake iliendelea hadi Mei 1985 nchini Japani, miezi miwili tu kabla ya Live Aid. Bendi ilikuwa moto kabisa. Wala Mercury hakuwa wa kwanza kurekodi nje ya bendi: Taylor alitoa albamu yake Fun in Space mwaka 1981, na May alitoa Star Fleet Project mwaka 1983. Albamu ya Mercury, Mr. Bad Guy, ilikuja baada ya hizo, Aprili 1985. Kwa hiyo kosa linaloombewa msamaha katika filamu lilikuwa limeshatendwa na wale wanaoombwa msamaha, na hapo ndipo mashabiki wengi wa zamani wanaposhindwa kuvumilia. Aliyekufa amebebeshwa lawama ambayo waliobaki hai walijua si yake.

Prenter, anayeonyeshwa kama chanzo cha maovu yote, aliachishwa kazi baada ya Live Aid na si kabla, na habari za Mercury aliziuza kwa gazeti la The Sun mwaka 1987. Naye alifariki mwaka 1991, hivyo hakuna wa kumsemea.

Sun City

Kama filamu ilihitaji kosa la kweli kabla ya Live Aid, lilikuwepo. Mwezi Oktoba 1984 Queen ilikwenda kupiga muziki Sun City, mji wa starehe na kamari katika Bophuthatswana, moja ya maeneo yaliyotengwa na serikali ya kikaburu ya Afrika Kusini na kuitwa nchi huru. Wakati huo wasanii wengi duniani walikuwa wanasusia Afrika Kusini kwa ajili ya ubaguzi wa rangi. Maonyesho kadhaa yalifutwa kwa sababu sauti ya Mercury ilikwisha, lakini mengine yalifanyika. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliitoza bendi faini, na jina la Queen likaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo huo. Bendi ilijitetea kwamba haikuwa na nia ya kisiasa.

Filamu haisemi lolote juu ya safari hiyo. Hili ni pengo kubwa kuliko kuhamishwa kwa tarehe yoyote, kwani linabadili maana ya tukio lenyewe linalofunga filamu. Tarehe 13 Julai 1985 Queen ilikuwa inarejea kwenye heshima ya watu baada ya aibu iliyoipata kama bendi, wote wanne. Katika filamu aibu hiyo imegeuzwa kuwa ya mtu mmoja, na sababu yake imegeuzwa kuwa tamaa na upweke wake.

Live Aid ilikusanya fedha kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Filamu inaonyesha simu za wachangiaji zikianza kulia kwa wingi Queen inapoimba. Kumbukumbu zinazotajwa mara nyingi huhusisha wimbi kubwa la michango na picha za video za watoto wenye njaa, zilizoonyeshwa baada ya David Bowie kuimba. Bowie alipanda jukwaani baada ya Queen. Kwa upande wa mwonekano, hata hivyo, sehemu hii inasifiwa na karibu kila mtu: jukwaa la Wembley lilijengwa upya katika uwanja wa ndege wa zamani wa Bovingdon, na hatua za Malek zinafuata zile za Mercury karibu moja kwa moja. Kwenye majumba ya sinema nyimbo mbili kati ya zilizopigwa siku ile ziliachwa.

Ugonjwa

Katika filamu Mercury anapata habari za ugonjwa wake kabla ya Live Aid na kuwaambia wenzake wakati wa mazoezi. Jim Hutton, mwenzi wake hadi kifo, aliandika kwamba majibu yalipatikana mwaka 1987. Wenzake katika bendi walijulishwa baadaye, na umma ulitangaziwa tarehe 23 Novemba 1991, siku moja kabla ya kifo. Hutton mwenyewe hakuwa mhudumu wa sherehe kama anavyoonyeshwa. Alikuwa kinyozi, na walikutana kwenye klabu ya usiku.

Watetezi wa filamu husema si makala ya habari, na kwamba watazamaji walihitaji kujua nini kilikuwa hatarini jukwaani. Wapinzani hujibu kwamba mpangilio huu unafanya ugonjwa uonekane kama malipo ya kuiacha bendi na kukaa na watu wabaya. Jibu hili lina uzito zaidi. Tarehe ikisogezwa miaka miwili nyuma, virusi vinageuka hukumu, na wasomaji wa nchi zetu wanajua vizuri fikra hiyo imewaumiza watu wangapi. Filamu nyingine ya mwanamuziki, Rocketman ya mwaka 2019 kuhusu Elton John, nayo iliongozwa na Fletcher na inachezea tarehe vilevile, lakini inajitangaza waziwazi kuwa njozi, na haikuzua ubishi wa kiasi hiki.

Zanzibar

Filamu inaanzia London. Zanzibar inatajwa katika mazungumzo ya familia tu. Mercury alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, wafuasi wa dini ya Uzoroasta, na Bomi alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni katika Mahakama Kuu. Akiwa mtoto wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, ambako alipiga kinanda katika kundi la The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea, familia ilihamia Uingereza na kukaa Feltham. Mtazamaji wa filamu haelezwi kwamba Mapinduzi hayo ndiyo yaliyomfikisha London. Kilichobaki cha malezi yake ni fundisho la Kizoroasta la mawazo mema, maneno mema na matendo mema, ambalo baba yake analirudia.

Zanzibar nayo haijamkumbuka kwa sauti moja. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kwa ajili ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya kupingwa na jumuiya ya Uamsho, iliyosema kumsherehekea kunakwenda kinyume na Uislamu kwa sababu alikuwa shoga. Miaka miwili nyuma Zanzibar ilikuwa imepitisha sheria ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja. Biashara ya utalii imekwenda njia nyingine: Novemba 2019, mwaka mmoja baada ya filamu, jumba la makumbusho la Freddie Mercury lilifunguliwa Shangani. Zaidi ya nyumba moja ya Mji Mkongwe huonyeshwa kwa wageni kuwa ndiyo aliyoishi.