Piano ya umeme: bei iko kwenye uzito wa vibao

Weka vinanda viwili juu ya kaunta moja. Vyote vinawaka, vyote vinatoa sauti ya piano, na kwa asiyejua, tofauti ni bei tu. Kimoja kina kilo nne au tano na unakibeba kwapani. Kingine kina kilo 11 au zaidi. Mfanyabiashara anayevusha mpaka kile chepesi na kukiuza kama piano atasikia habari yake siku mpiga kinanda wa kanisa aliyefundishwa atakapobonyeza vibao vitatu, akasimama, na kudai fedha zake.

Mteja huyo hataki makuu. Vidole vyake vimezoea piano yenyewe, ile kubwa ya nyuzi inayolala chini kama meza. Ndani yake, kila kibao kinasukuma nyundo ya mbao iliyovikwa manyoya yaliyoshindiliwa. Kibao hushuka kama sentimita moja. Kabla nyundo haijagusa waya, inaachiwa, inamalizia safari peke yake, inagonga na kurudi. Ukibonyeza polepole sana unasikia kidoleni kijikwazo kidogo mahali nyundo inapoachiwa. Mwaka 1821 watengenezaji wa familia ya Érard wa Ufaransa walipata hataza ya mtambo unaoruhusu nyundo kugonga tena kabla kibao hakijapanda hadi juu. Piano kubwa za leo bado zinafuata wazo hilo.

Kinanda cha umeme hakina waya wa kugongwa. Kile chepesi kina springi au plastiki inayorudisha kibao juu, na hapo ndipo kinapojulikana. Springi huwa laini mwanzoni na kuzidi kusukuma kadiri unavyobonyeza. Nyundo ni kinyume chake: inakuwa nzito pale inapoanza kusogea, kisha inakwenda yenyewe. Kidole kilichofunzwa hakidanganyiki.

Ndiyo maana piano za umeme za Yamaha, Roland, Kawai na Casio zina vijinyundo halisi vya uzito, kimoja kwa kila kibao, ingawa havigongi waya wowote. Katika nyingi, vya kushoto ni vizito kuliko vya kulia, kwa sababu ndivyo zilivyo nyundo za besi katika piano ya nyuzi. Chini ya vibao kuna vihisi. Mashine inapima muda kati ya kihisi cha kwanza na cha pili: muda mfupi, sauti kubwa, muda mrefu, sauti ndogo. Kihisi cha tatu, kikiwepo, kinaiwezesha kurudia noti kibao kikiwa bado nusu chini. Baadhi huongeza hata kile kijikwazo, jambo ambalo kwa maoni yangu mteja wa kawaida halihitaji.

Kinachobaki kuwa kigumu ni urefu. Kibao cha piano kubwa kinaendelea mbali ndani ya sanduku. Cha piano ya umeme ya bei nafuu ni kifupi, kwa hiyo ukibonyeza karibu na mwisho wake wa ndani kinakuwa kizito. Yamaha walipotoa AvantGrand mwaka 2009 waliweka ndani mtambo halisi wa piano kubwa, wakaacha nyuzi. Bei yake si ya duka la mpakani.

Basi kagua kabla ya kulipa. Kizime kinanda. Bonyeza kibao cha mwisho kushoto, kisha cha mwisho kulia: je, uzito unatofautiana? Soma boksi. Maneno "hammer action" yanamaanisha nyundo. "Touch sensitive" yanamaanisha tu kwamba sauti hufuata nguvu ya kidole, na hata kinanda cha springi kinayo. Idadi ya vibao 88 pekee haithibitishi kitu. Kwa mtumba, bonyeza kila kibao, hata kama muuzaji ananuna. Chenye vumbi kwenye raba za vihisi hunyamaza au hupiga kelele ghafla. Kinachogonga kak-kak kimekwisha kitambaa chake cha ndani. Kilichotoka Japani huenda ni cha volti 100, na umeme wetu utakiunguza.

Forodhani, piano ya nyuzi iko kwenye kifungu 9201, ya umeme 9207. Usizichanganye katika hati. Na cheti rahisi cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinanda kilichotengenezwa Indonesia au China hakiingii humo hata kama umekinunua Kariakoo kwa risiti halali, kwa hiyo risiti hiyo, pamoja na hati za ushuru uliokwisha kulipwa, isafiri na mzigo.