Barakoa za taa nyekundu: Zinapunguza makunyanzi kweli? Soma hapa kabla hujatoa hela

Ukipitisha kidole TikTok au Instagram siku hizi, haichukui muda kumkuta mtu amelala kitandani na barakoa ya plastiki usoni, inawaka nyekundu kama taa ya breki. Maelezo yanayofuata ni yale yale: ngozi itabana, makunyanzi yatapungua, utaonekana kijana. Chini yake kuna bei, na bei yenyewe siyo mchezo. Barakoa za kampuni zinazojulikana huuzwa dola 300 hadi 500 za Marekani.

Je, ni kweli au ni biashara tu? Jibu ni kwamba kuna ukweli ndani yake, ila ni mdogo kuliko unavyotangazwa. Na kwa mwenye ngozi nyeusi, kuna mambo ambayo matangazo mengi hayasemi.

Ni mwanga wa aina gani?

Huu siyo mwanga wa balbu yoyote yenye rangi nyekundu. Mwanga hupimwa kwa urefu wa wimbi, kwa kipimo kinachoitwa nanomita. Vifaa vya ngozi hutumia mwanga mwekundu wa takriban nanomita 630 hadi 660. Vingi huongeza na mwanga wa infraredi wa karibu nanomita 830, ambao jicho haliuoni.

Mwanga huu hauna mionzi ya UV, ile ya jua inayounguza na kuharibu ngozi. Kwa hiyo, tofauti na mashine za kujipaka rangi ya jua zinazotumika Ulaya na Marekani, wenyewe haujulikani kuleta saratani ya ngozi.

Ulianzia kwa panya

Mwaka 1967, daktari wa Hungary aitwaye Endre Mester alikuwa anafanya majaribio mjini Budapest. Leza ilikuwa kitu kipya, ina miaka saba tu tangu igunduliwe, na yeye alitaka kujua kama inaweza kusababisha saratani. Akawanyoa panya manyoya, akawamulika kwa leza nyekundu yenye nguvu ndogo.

Panya hawakupata saratani. Kilichotokea ni kwamba manyoya ya waliomulikwa yaliota haraka kuliko ya wenzao. Baadaye Mester akaanza kuutumia mwanga huo kwenye vidonda visivyopona.

Miaka ya 1990 taa ndogo za LED zikaingia. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilizitumia kuoteshea mimea, kisha likagharamia utafiti wa kuona kama zinasaidia vidonda kupona. LED ni rahisi kuliko leza na zinaweza kupangwa nyingi kwenye eneo kubwa. Hapo ndipo njia ya kufikia barakoa za leo ilipofunguka.

Unafanya nini ndani ya ngozi?

Ndani ya karibu kila seli kuna vitu vidogo viitwavyo mitokondria. Kazi yao ni kutengeneza nguvu ya kuendesha seli, kama jenereta ya nyumba. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kimojawapo cha vimeng'enya vya mitokondria hunyonya mwanga mwekundu na infraredi. Kikishanyonya, seli hupata nguvu zaidi ya kufanya kazi.

Kwenye ngozi, seli zinazolengwa ni zile zinazotengeneza kolajeni. Kolajeni ndiyo nguzo ya ngozi, ndiyo inayoifanya ibane. Umri unavyokwenda, mwili hutengeneza kolajeni kidogo zaidi, na jua huivunja iliyopo. Ngozi inalegea, mistari inajichora.

Kuna jambo moja wengi hawalijui: mwanga ukizidi haufanyi kazi zaidi. Dozi ikiwa ndogo mno, hakuna kinachotokea. Ikiwa ya kiasi, seli huchangamka. Ikizidi, faida inapungua au inapotea kabisa. Mtu anayekaa na barakoa saa nzima akidhani anaharakisha matokeo anajidanganya.

Utafiti unaonyesha nini?

Mwaka 2007 watafiti wa Korea Kusini waliwafanyia majaribio watu 76. Walimulika upande mmoja wa uso, upande wa pili ukaachwa kwa kulinganisha. Mwanga ulitumika mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Makunyanzi yalipungua kwa hadi asilimia 36, na uwezo wa ngozi kuvutika na kurudi uliongezeka kwa hadi asilimia 19.

Mwaka 2014 utafiti mwingine ulitoka Ujerumani, ukiwa na watu 136. Waliomulikwa walipata vipindi 30, mara mbili kwa wiki. Ngozi zao zilikuwa laini zaidi na vipimo vya ultrasaundi vilionyesha kolajeni imeongezeka. Pia ilibainika kwamba kuchanganya rangi nyingi za mwanga hakukuleta faida zaidi ya mwekundu peke yake.

Hizo ni habari njema, lakini zisomwe kwa makini. "Hadi asilimia 36" ndiyo matokeo ya kundi lililofanya vizuri zaidi, siyo ahadi kwa kila mtu. Katika utafiti wa Ujerumani, kundi la kulinganisha halikumulikwa kabisa, kwa hiyo kila mtu alijua yuko upande gani, na hilo linaweza kubadili mtu anavyojiona kwenye kioo. Halafu tafiti nyingi za eneo hili zina watu wachache na zinafuatilia miezi michache tu.

Jambo lingine: Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinasema vifaa vya kutumia nyumbani huwa na nguvu ndogo kuliko vya kliniki. Matokeo ya kliniki yasitarajiwe moja kwa moja kwa kifaa cha mtandaoni.

Kwa kifupi, mwanga mwekundu unaweza kulainisha ngozi na kupunguza mistari midogo. Haunyanyui shavu lililolegea, na hauondoi mikunjo mirefu ya paji la uso.

Ngozi nyeusi: hapa ndipo pa kuangalia

Sehemu kubwa ya tafiti za kuzeeka kwa ngozi imefanywa kwa Wazungu na watu wa Asia ya Mashariki. Mwenye ngozi nyeusi anaponunua barakoa, ananunua kitu ambacho kipimo chake hakikupangwa kwa kumwangalia yeye.

Tofauti ipo. Melanini, ile rangi ya ngozi, hunyonya mwanga. Ngozi ikiwa na melanini nyingi, sehemu kubwa zaidi ya mwanga huishia juu na kugeuka joto.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya majaribio ya kutafuta kiwango cha juu cha mwanga mwekundu ambacho ngozi inaweza kuvumilia. Kwa Wazungu kilikuwa jouli 480 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa watu wenye ngozi za rangi kilikuwa jouli 320. Ni theluthi moja pungufu. Waliopitisha kiasi walipata wekundu usioisha haraka na hata malengelenge.

Viwango hivyo ni vikubwa kuliko vinavyotolewa na barakoa za kawaida za nyumbani kwa kipindi kimoja, kwa hiyo siyo sababu ya kuogopa. Ni sababu ya kuanza taratibu. Ngozi nyeusi ikiungua au ikiwashwa, mara nyingi huacha doa linalokaa miezi.

Tatizo la pili ni rangi nyingine. Barakoa nyingi za bei poa zinatangazwa kuwa na rangi saba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulimulika ngozi zinazoshika rangi kwa urahisi kwa mwanga wa nanomita 415, ulio kati ya buluu na zambarau, na kwa mwekundu wa nanomita 630. Ule wa nanomita 415 uliacha weusi uliodumu. Mwekundu haukuacha. Mwenye tabia ya kupata madoa usoni, au mwenye melasma inayowapata wanawake wengi wakati wa ujauzito, akae mbali na kitufe cha buluu.

La tatu ni kujua unatibu nini. Melanini ni kinga ya asili. Utafiti maarufu wa 1979 ulikadiria kwamba ngozi nyeusi ina kinga ya jua ya takriban 13, wakati nyeupe ina karibu 3. Ndiyo maana makunyanzi huchelewa kwa watu weusi. Dalili zinazotangulia ni madoa na rangi isiyo sawa. Sasa ushahidi wa mwanga mwekundu unahusu zaidi mikunjo na ulaini, siyo madoa. Mtu anaweza kutoa hela nyingi kutibu kitu ambacho hana, na alicho nacho kikabaki pale pale.

Na aliyewahi kutumia mkorogo au krimu kali za kung'arisha kwa muda mrefu, ngozi yake inaweza kuwa imeshakuwa nyembamba na dhaifu. Huyo aanzie kwa daktari, siyo kwenye taa.

Nani asijaribu bila kumuona daktari?

Mwaka 2019 kampuni ya Neutrogena iliondoa sokoni barakoa yake ya taa ya kutibu chunusi, iliyotumia mwanga mwekundu na wa buluu. Sababu ilikuwa uwezekano wa kuumiza macho ya watu wachache wenye magonjwa fulani ya macho au wanaotumia dawa zinazofanya macho yaathirike haraka na mwanga. Somo lake bado lipo. Waulize kwanza daktari:

- Wenye ugonjwa wa retina au tatizo lolote kubwa la macho.
- Wenye ualbino, kwa sababu macho na ngozi zao huathirika haraka na mwanga.
- Wenye ugonjwa wa lupus.
- Wanaotumia dawa zinazoongeza athari za mwanga, mfano doksisaiklini, isotretinoini ya chunusi, au haidroklorothiazaidi ya presha.
- Wajawazito na wenye historia ya saratani ya ngozi.

Kufumba macho peke yake hakutoshi kwa taa kali. Tumia vikinga macho vinavyokuja na kifaa.

Taa hizi siyo zile

Balbu nyekundu za mapambo hazina nguvu wala urefu wa wimbi unaohitajika. Zitapendezesha chumba, basi.

Balbu za infraredi za kuchulia misuli, na zile za kupasha vifaranga joto, nazo siyo. Hizo zinafanya kazi kwa joto, na joto la mara kwa mara linadhuru ngozi. Wanaokaa muda mrefu karibu na jiko la mkaa au kuni wakati mwingine hupata michoro myeusi kama wavu miguuni. Hiyo ni ngozi iliyochoshwa na joto. Taa ya LED ya ngozi haitakiwi kuunguza, na ikiunguza, izime.

Ukiamua kununua

1. Soma urefu wa wimbi. Iandikwe wazi nanomita 630 hadi 660, na kama kuna infraredi, karibu 830. Kifaa kisichoonyesha namba, kiache.

2. Elewa neno la FDA. Vifaa vingi huandikwa kwamba "vimepitishwa na FDA", mamlaka ya dawa ya Marekani. Mara nyingi maana yake ni kwamba kifaa kinafanana na kingine kilichokwisha kuruhusiwa kuuzwa. Siyo uthibitisho kwamba kitakuondolea makunyanzi.

3. Jaribu sehemu ndogo kwanza. Pembeni ya taya, kwa nusu ya muda ulioandikwa. Subiri siku mbili tatu. Kama hakuna wekundu wala doa, endelea.

4. Usizidishe muda. Vifaa vingi vinahitaji dakika 10 hadi 20, mara chache kwa wiki. Fuata maelekezo.

5. Uwe na subira. Mabadiliko huchukua wiki kadhaa, na ukiacha, kolajeni inaendelea kupungua kama kawaida.

Kitu cha bei rahisi chenye ushahidi zaidi

Kabla ya taa, kuna jua la kila siku. Huko Nambour, Australia, watafiti waliwafuatilia watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu. Waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku walionyesha dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka pale walipojisikia. Wengi wao walikuwa weupe, lakini jua linalovunja kolajeni ya mweupe linaivunja na ya mweusi, japo polepole.

Kwa wenye madoa, zipo losheni zenye rangi kidogo, zilizochanganywa na oksaidi ya chuma. Hizo huzuia na mwanga wa kawaida unaokoleza weusi. Nchini Tanzania, losheni iitwayo Kilisun ilianza kutengenezwa katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ni ushahidi kwamba kinga ya jua siyo jambo la watalii.

Kofia pana, mtandio na mwavuli navyo vinahesabika. Kuacha sigara pia, kwa sababu moshi wake huharibu kolajeni.

Mwenye hela ya ziada na ngozi yenye afya anaweza kuijaribu taa nyekundu bila hofu kubwa, akijua kwamba anapata nyongeza. Mwenye hela ya kitu kimoja tu, anunue losheni ya jua kwanza. Barakoa itamsubiri.