Kulala Ndani ya Kuta: Hoteli za Katikati ya Saint-Malo

Neno la Kifaransa hôtel, ambalo ndilo asili ya "hoteli" iliyoingia katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza, lina maana pana kuliko ile iliyozoeleka Afrika Mashariki, kwa kuwa Mfaransa hulitumia kwa nyumba ya kulala wageni, kwa jumba la mjini la familia tajiri, na akiongeza maneno de ville, kwa jengo la halmashauri ya mji. Halimaanishi kamwe mahali pa kula wali na maharage. Hoteli nyingi ndogo za miji ya pwani ya Ufaransa hutoa kifungua kinywa tu, ambacho mara nyingi hulipiwa mbali na chumba, na mgeni hujitafutia mwenyewe mkahawa wa mchana na wa jioni.

Katika Saint-Malo, mji wa mapumziko ulioko pwani ya kaskazini ya Bretagne, kulala katikati ya mji maana yake ni kulala intra-muros, yaani ndani ya kuta za ngome, ambazo mtembeaji anaweza kuzizunguka kwa juu kwa mwendo wa kama kilomita mbili. Sehemu hiyo iliteketea kwa mabomu na moto mnamo Agosti 1944, ingawa kuta zenyewe zilisalimika kwa sehemu kubwa, kisha ikajengwa upya kwa mawe ya itale na kwa sura ya zamani chini ya msanifu Louis Arretche. Kwa sababu hiyo hoteli inayoonekana kuwa ya karne ya 18 huenda ikawa changa kuliko bibi kizee anayepita mlangoni pake.

Kuta hizo ndizo zinazoamua thamani ya chumba, jambo ambalo nyota za hoteli hazilielezi. Nyota hizo, kuanzia moja hadi tano, hutolewa na shirika la kitaifa la utalii, Atout France, kwa muda wa miaka mitano, zikipima ukubwa wa vyumba, vifaa na huduma. Hazipimi kinachoonekana dirishani. Kwa kuwa ngome imesimama kati ya nyumba na bahari, dirisha la ghorofa ya chini laweza kutazama mawe matupu, na juu ya mawe hayo viatu vya watalii wanaotembea ukutani, ilhali chumba cha ghorofa ya juu katika jengo lilelile hupata upepo na mandhari ya visiwa.

Bahari hiyo yenyewe inastahili maelezo marefu zaidi. Mkazi wa Unguja au Mombasa anajua bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana kwa kufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na anajua maji mafu yanayofuata. Lakini pale ambapo kwake tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 4, Saint-Malo hufikia takriban mita 13, kwa sababu wimbi linaloingia kutoka Atlantiki huzuiwa na rasi ya Cotentin na kurundikana ghubani. Wafaransa hupima nguvu ya maji kwa namba iitwayo coefficient, inayoanzia 20 katika maji mafu kabisa hadi 120 katika bamvua kubwa kuliko zote, na 70 ikiwa wastani. Hiyo ndiyo nguvu inayoendesha kituo cha umeme cha mto Rance, jirani na mji, kilichofunguliwa mwaka 1966 kikiwa na uwezo wa megawati 240.

Anayelala ndani ya kuta huyaona mabadiliko hayo kwa kutembea dakika chache tu. Bwawa la kuogelea la Bon-Secours, lililojengwa ufukweni mwaka 1937, hubakiza maji ya chumvi bahari inaporudi nyuma, na maji yakijaa bwawa lote huzama, ukabaki mnara wa kurukia umesimama peke yake baharini.

Urahisi huo una gharama zake. Vichochoro ni vyembamba na magari mengi huachwa nje ya malango, stesheni ya treni iko nje ya kuta, na juu ya bei ya chumba huongezwa kodi ya ukaaji, ambayo hoteli huitoza kwa niaba ya mji kwa kila mtu mzima na kila usiku, ingawa watoto hawailipi.

Jedwali la maji kujaa na kupwa lisomwe kabla ya kuvuka kwenda Grand Bé, kisiwa chenye kaburi la mwandishi Chateaubriand, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1768. Njia ya mawe ya kufikia huko hupitika maji yakipwa tu, na mgeni aliyechelewa kurudi hubaki kisiwani kwa saa kadhaa mpaka bahari imwachie njia.