Jua la Kisumu: Miale haionekani, madhara yake yanaonekana

UKISHUKA matatu pale Otonglo, kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, mwendo wa saa saba za mchana, utaona jinsi watu wanavyolikimbia jua. Mwenye kibanda amejisogeza ndani, vijana wa bodaboda wamejikusanya chini ya mti, naye mama wa mboga ameifunika sukumawiki yake kwa gunia lililolowa maji. Lakini wingu likipita na upepo wa ziwani ukavuma, wote hurejea uwanjani wakidhani hatari imeondoka.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunachokimbia ni joto, ilhali kinachodhuru ngozi na macho ni kitu kingine kabisa. Ni miale ya urujuanimno, ambayo haionekani wala haichomi papo hapo kama moto. Unaweza kuhisi baridi na huku miale hiyo inakuumiza.

Miale hii ni nini?

Mwaka wa 1801 mwanasayansi Mjerumani, Johann Wilhelm Ritter, aligundua kwamba ng'ambo ya rangi ya urujuani, ile ya ukingoni mwa upinde wa mvua, kuna miale isiyoonekana inayogeuza chumvi ya fedha kuwa nyeusi. Leo wataalamu huigawa katika aina tatu: A, B na C. Aina ya C huzuiwa yote na hewa iliyo juu yetu, hasa tabaka la ozoni. Aina ya B huzuiwa kwa kiasi kikubwa, lakini hiyo kidogo inayotufikia ndiyo hubabua ngozi. Aina ya A hupenya ndani zaidi, huizeesha ngozi mapema, na hupita hata kwenye kioo cha dirisha la gari.

Wakazi wa Kisumu wana sababu ya kuwa waangalifu. Mji huu uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, mita zipatazo 1,130 juu ya bahari. Katika ikweta jua hupiga wima na tabaka la ozoni ni jembamba kuliko katika nchi za mbali kaskazini au kusini. Aidha, kadiri unavyopanda juu ndivyo miale inavyozidi, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hutumia kipimo maalumu cha miale hii. Kikifika 3, mtu anashauriwa kujikinga. Kikipita 10, hatari ni kubwa mno, na katika maeneo ya ikweta si ajabu kipimo kufika hapo mchana wakati anga ni safi. Kwa kuwa Kisumu iko magharibi mwa nchi, jua hufika utosini mwendo wa saa saba kasorobo, wala si saa sita kamili. Saa za kuhofia ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Na huhitaji chombo chochote kupima: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta kivuli cha mti.

Mawingu mepesi hayasaidii sana, kwani hadi asilimia 80 ya miale huweza kupenya. Mvuvi au kijana anayeogelea Dunga naye asijidanganye: nusu mita chini ya maji, miale bado ina nguvu ya asilimia 40 ya ile iliyo juu.

Je, ngozi nyeusi haidhuriki?

Ni kweli kwamba rangi asilia ya ngozi, iitwayo melanini, ni ngao. Ndiyo sababu saratani ya ngozi inayotokana na jua ni nadra miongoni mwa Waafrika wenye ngozi nyeusi. Saratani hatari ya melanoma inapowapata, mara nyingi huanzia kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, na kwa kawaida hailetwi na jua. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka wa 1981, aliugua saratani hiyo iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Lakini ndugu zetu wenye ualbino hawana ngao hiyo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Kwao, jua la ikweta ni suala la kufa na kupona: bila kinga, ngozi huanza kuharibika utotoni, na saratani huweza kuwapata wakiwa bado vijana. Mzazi mwenye mtoto wa aina hii asimfungie nyumbani. Amvishe kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu, na awaombe walimu wamruhusu kuvaa hivyo hata kama si sare ya shule, na wasimtoe uwanjani adhuhuri. Serikali ilianzisha mpango wa kuwapa mafuta ya kujikinga na jua bila malipo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Uliza katika hospitali ya kaunti yako.

Macho hayana rangi ya kuyakinga

Hapa ndipo sote tunahusika, weusi kwa weupe. Miale hii huchangia mtoto wa jicho na kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho. Mbaya zaidi ni saratani ya utando wa jicho, ambayo hutokea kwa wingi Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Visababishi vyake vikuu ni jua pamoja na virusi vya Ukimwi. Anayeishi na virusi hivyo akiona uvimbe au doa jipya jichoni asingoje. Utafiti uliofanywa katika vituo vinne vya macho nchini na kuchapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba dawa ya matone baada ya upasuaji ilipunguza sana kurudi kwa uvimbe: wagonjwa 5 kati ya 47, ikilinganishwa na 17 kati ya 47 ambao hawakuipata.

Mafundi wa jua kali wanaochomelea vyuma nao wana jua lao la pili. Cheche ya umeme hutoa miale hii, hata ile ya C ambayo jua halitufikishii. Fundi asiyevaa barakoa ya kioo maalumu huamka usiku akihisi kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Usitie maziwa wala maji ya majani, nenda hospitali. Na watoto wasisimame kutazama.

Ufanye nini?

• Vaa kofia pana na nguo iliyofumwa vizuri. Inue mbele ya mwanga: ikipitisha mwanga mwingi, hupitisha na miale.

• Miwani ya jua iwe na alama ya UV400. Miwani myeusi isiyo na kinga hupanua mboni na kuingiza miale zaidi.

• Mafuta ya kinga yawe ya SPF 30 au zaidi, yapakwe kila baada ya saa mbili. Mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi hayazuii miale.

• Epuka krimu za kujichubua. Zinaiondoa ngao uliyozaliwa nayo.

• Kidonda kisichopona kwa wiki nne, au doa linalobadilika, kionyeshe kwa daktari.

Jua si adui. Hutusaidia kupata vitamini D na hukausha omena wetu. Lakini halina budi kuheshimiwa. Kofia ya mtumba kutoka Kibuye ni rahisi kuliko upasuaji, na waliosema kinga ni bora kuliko tiba hawakukosea.