Mwiko Ulioona Vyungu Vingi

Njooni karibu na moto, wanangu. Usiku wa Butembo una baridi, na bugali bado. Maji ndiyo kwanza yanaanza kuimba ndani ya sufuria. Mtoto wa dada yangu, yule mwenye maswali kama siafu, amesikia jambo redioni na tangu asubuhi halimtoki kichwani.

"Mjomba, mtu anataka urais. Hajashinda. Lakini tayari anamwahidi mzee wa chama kingine kiti cha serikali. Kiti chenyewe anakitoa wapi?"

Umeuliza vizuri, mwanangu. Hilo ni swali ambalo wakubwa hulipita kando kama dimbwi la matope. Sogea, nikupe nafasi kwenye jamvi.

Mimi nitajibu kidogo. Mengine atajibu mwiko. Mnamwona pale, ameegemea ukuta? Shingo yake ni nyeusi kwa moshi, mdomo umemegeka upande mmoja. Alichongwa kabla mama yenu hajaolewa. Vyungu alivyoviona ni vingi kuliko harusi zangu zote, na mimi sipitwi na harusi.

"Mimi nimegeuza bugali wa mabibi watatu," anasema mwiko. "Sichagui mkono. Anayenishika ndiye anayejua nani atapakuliwa kwanza. Ndiyo maana wananigombania."

Haya. Leteni ungo na maharage. Hesabuni punje 100. Msiibe za kutafuna, mbichi zinauma tumbo.

Punje hizo ni kura. Tuko mwaka 2006. Kongo inapiga kura ya kumchagua rais wake, watu wengi mara ya kwanza maishani. Ni tarehe 30 Julai. Wagombea ni zaidi ya thelathini. Wekeni punje 45 upande huu: hizo ni za Joseph Kabila, rais wa wakati ule, karibu hivyo. Wekeni 20 pale: za Jean-Pierre Bemba. Sasa wekeni 13 katikati, peke yake.

"Za nani hizo, Mjomba?"

Za mzee. Antoine Gizenga. Mwaka huo alikuwa anakaribia miaka 81. Mwaka 1960, wakati babu yenu bado anachunga mbuzi, Gizenga alikuwa naibu wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Chama chake kiliitwa PALU. Alikuwa mzee wa kusema polepole, na alipozungumza watu walisogeza viti.

Sheria ya wakati ule ilisema hivi: ukikosa zaidi ya nusu, mnarudi uwanjani wawili tu. Kabila na Bemba. Kabila ana 45. Anahitaji nusu na zaidi. Tazama ungo, mwanangu. Ungekuwa wewe, ungekwenda kubisha mlango wa nani?

"Wa mzee mwenye 13!"

Akili hiyo! Ndiko alikokwenda. Mwisho wa Septemba wakaandikiana. PALU wamuunge mkono Kabila, na akishinda, waziri mkuu atoke PALU. Tarehe 29 Oktoba watu wakapiga kura tena. Kabila akapata 58 katika kila 100.

Naona vidole vyako vinahesabu. 45 na 13.

"Ni 58, Mjomba! Ni sawasawa!"

Ni sawasawa kwenye ungo. Watu si maharage, hawahami wote pamoja kwa kusukumwa na kidole. Nzanga Mobutu, mtoto wa yule Mobutu mwenyewe aliyekuwa rais, naye alihamia kwa Kabila, baadaye akapewa wizara ya kilimo. Na kuna waliompigia Gizenga kisha wakaenda kwa Bemba bila kumuuliza mzee. Lakini tarehe 30 Desemba 2006 Gizenga akateuliwa waziri mkuu. Mwiko ukaingia mkononi mwa mzee. Mwaka 2008, umri ukamlemea, akaurudisha. Ukachukuliwa na Adolphe Muzito, wa PALU vilevile. Ahadi ilikuwa ya chama, si ya mtu mmoja.

"Na bakuli je?" anauliza mwiko. "Kila mtu anasimulia nani alinishika. Hakuna anayeuliza kama mabakuli yalijaa."

Subiri, mwiko. Tutafika.

"Mjomba, na sisi? Watu wa huku hawakupewa?"

Walipewa. Mnaijua barabara kubwa ya Beni, Boulevard Nyamwisi? Ile yenye pikipiki mpaka unaogopa kuvuka? Ina jina la Enoch Nyamwisi Muvingi, mwanasiasa wetu aliyeuawa hapa Butembo mwaka 1993. Mdogo wake anaitwa Antipas Mbusa Nyamwisi. Na ninyi mnajua, kwetu huku Mbusa ni jina la mtoto wa ngapi?

"Wa sita! Mvulana wa sita!"

Basi. Wakati wa vita huyu Mbusa aliongoza kundi la waasi la RCD-K/ML, makao yake Beni. Vita ilipofungwa kwa mapatano, mwaka 2003 akaingia serikali ya mpito Kinshasa, waziri wa ushirikiano wa kikanda. Mwaka 2006 naye alikuwa mgombea urais. Kabla ya kura akajitoa, akasema watu wake wampigie Kabila. Februari 2007 akawa waziri wa mambo ya nje. Baadaye akagombana na wale aliowaunga mkono, na mwaka 2011 akasimama tena mwenyewe.

Mnaona tofauti? Gizenga alipimwa kwanza, ndipo akapewa bei. Punje zake 13 zilikuwa mezani, kila mtu amezihesabu. Mbusa alitoa ahadi kabla ya mizani. Ni kama kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Baba yenu anajua shida ya kuuza kahawa ikiwa mtini.

Na tangu mwaka 2011 wote wanauza ikiwa mtini. Kwa nini? Kwa sababu Januari ya mwaka ule Katiba ilibadilishwa. Hakuna kurudi uwanjani. Duru ni moja: mwenye nyingi anachukua, hata akiwa na 30 tu katika 100. Basi mwenye 13 hawezi tena kungoja atongozwe baada ya kuhesabiwa. Afanye bei mapema au akae na punje zake.

Ndiyo maana mwaka 2018 wakubwa walipanda ndege. Tarehe 11 Novemba, Geneva, Uswisi, viongozi saba wa upinzani wakatia saini karatasi moja: mgombea wetu ni Martin Fayulu. Muzito alikuwepo. Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe walikuwepo. Kesho yake, wanangu, kesho yake tu, hao wawili wakaondoa saini zao. Wafuasi wao nyumbani walikuwa wamekataa.

"Wino ulikuwa umekauka kweli?"

Ha! Swali hilo nitalihifadhi.

Tarehe 23 Novemba hao wawili wakakutana Nairobi, wakaandika karatasi yao. Kamerhe si mgeni wa siasa. Aliwahi kuwa spika wa Bunge, na ana chama chake, UNC. Wakakubaliana: Tshisekedi agombee urais. Wakishinda, Kamerhe awe waziri mkuu. Na mwaka 2023 iwe zamu ya Kamerhe, Tshisekedi amuunge mkono.

Januari 2019 Tshisekedi akatangazwa mshindi, Fayulu akalalamika kuwa ameibiwa. Sasa, Kamerhe akapewa uwaziri mkuu?

"Aliahidiwa!"

Hakupewa. Hapa mwiko atawaeleza, mimi nichochee moto.

"Sikilizeni," anasema mwiko. "Rais ni mwenye ua. Waziri mkuu ndiye mpishi, ndiye anayenishika. Mwenye ua hamchagui mpishi apendavyo. Katiba ya 2006, ibara ya 78, inamtaka amchukue kwa wale wenye wabunge wengi. Wabunge ni kuni. Aliyeleta kuni nyingi ndiye anatoa mpishi. Mwaka 2019 mwenye ua alikuwa Tshisekedi, lakini rundo la kuni lilikuwa la watu wa Kabila. Walikuwa na zaidi ya nusu ya viti 500 vya Bunge. Basi mpishi akatoka kwao: Sylvestre Ilunga Ilunkamba, naye mzee wa siku nyingi. Kamerhe akapewa kigoda kingine, mlangoni pa mwenye ua: mkurugenzi wa ofisi ya Rais."

Umesikia, mwanangu? Uliniuliza kiti anakitoa wapi. Yule wa Nairobi aliahidi mwiko wakati kuni hazikuwa zake.

Na zamu ya 2023? Tshisekedi aligombea mwenyewe. Kamerhe alikuwa amepita mahakamani na gerezani, akafutiwa hatia na mahakama mwaka 2022. Machi 2023, miezi tisa kabla ya kura, Tshisekedi akafungua mlango wa serikali na kuwaingiza wakongwe kwa mpigo. Kamerhe, uchumi. Bemba, yule wa punje 20, ulinzi. Na mtu wetu Mbusa? Waziri wa utangamano wa kikanda. Miaka 20 baada ya ule ushirikiano wa kikanda wa 2003! Kiti kimepakwa rangi mpya tu. Mimi nilicheka peke yangu mbele ya redio, mama yenu akadhani nina homa.

Sisemi wazee wasipewe viti. Aliyekwishaunguza chungu mara mbili anajua lini apunguze moto. Na nchi iliyotoka vitani inahitaji waliopigana wale sahani moja. Kinachonisumbua ni kidogo zaidi. Kwenye karatasi zile nimesoma nani atakuwa nini. Sikuona barabara. Sikuona shule.

"Na bakuli je?" anasema mwiko.

Sasa umefika wakati wako, mwiko. Bakuli la Butembo na Beni.

Mwaka ule wa 2018 Mbusa alikuwa kwenye muungano wa Lamuka, upande wa Fayulu, na Fayulu alianzia kampeni yake Beni. Watu walijaa barabarani. Kisha, tarehe 26 Desemba, zikiwa zimebaki siku nne, Tume ya Uchaguzi, CENI, ikatangaza: Beni, Butembo na vijiji vya jirani hawatapiga kura ya rais pamoja na wengine. Sababu, ilisema, ni Ebola na usalama. Mtapiga Machi. Lakini rais aliapishwa tarehe 24 Januari. Machi ilipofika, tulichagua wabunge tu.

"Tulikuwa wangapi, Mjomba?"

Zaidi ya milioni moja walioandikishwa. Na tofauti ya Tshisekedi na Fayulu iliyotangazwa haikufika laki saba. Hesabu mwenyewe kwenye ungo, nitanyamaza.

Watu wa Beni hawakunyamaza. Tarehe 30 Desemba, siku ya kura ya nchi nzima, walitoka asubuhi. Wakajipanga foleni. Wakatafuta karatasi, wakajipigia kura yao wenyewe. Walijua CENI haitaihesabu. Na kwa kuwa Ebola ilikuwepo kweli, kila mtu alinawa mikono kwanza, kisha ndipo akashika karatasi.

Siku ile hakuna aliyekuwa ameahidiwa kiti kwenye foleni ile.

Haya, mama yenu anaita. Bugali umeiva, sombe iko tayari, mwiko umerudi kazini na hautaki tena maneno. Nendeni kwenye ndoo, mnawe. Sabuni iko juu ya jiwe. Mpaka kwenye viganja, mwanangu, si ncha za vidole.

"Mjomba."

Unauliza hata ukiwa na povu?

"Wale wa Beni, waliponawa hivi… wametajwa kwenye ile karatasi ya Nairobi?"

Hapana. Leta bakuli lako.