Uhifadhi wa Kumbukumbu za Biashara kwa Ngazi: Funzo kutoka Malisho ya Isiolo

Utangulizi

Biashara yoyote, iwe ya mifugo, ya nafaka au ya uchukuzi, huzaa kumbukumbu kila uchao: stakabadhi za mauzo, mikataba, orodha za mishahara na taarifa za malipo ya simu. Tatizo la wafanyabiashara wengi si kukosa kumbukumbu, bali ni kuzirundika zote mahali pamoja kana kwamba zina thamani moja na umri mmoja. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga ngazi za uhifadhi pamoja na kanuni za kuhamisha na kufuta kumbukumbu. Mfano umechukuliwa Isiolo, ambako wafugaji wana utaratibu unaokaribiana mno na ule wa wataalamu wa tarakilishi.

Utaratibu wa dedha

Miongoni mwa Waborana wa Isiolo, malisho husimamiwa na wazee wa dedha. Ardhi hugawanywa mafungu matatu: malisho ya majira ya mvua, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba yanayotengewa ukame mkali. Mifugo nayo hugawanywa. Ng'ombe wa maziwa hubaki karibu na maskani, ilhali kundi la fora hupelekwa mbali. Hapa mambo matatu yanabainika: kinachohitajika kila siku hukaa karibu, kisichohitajika mara kwa mara huenda mbali, na uhamaji hufuata kanuni iliyokubaliwa kabla ya dhiki kufika.

Ngazi za uhifadhi

Kwa kufuata mantiki hiyo, ngazi ya kwanza ni ya kumbukumbu zinazotumika kila siku. Hizi hukaa katika diski ya tarakilishi ya dukani, zipatikane papo hapo, ijapokuwa gharama yake kwa kila faili ni kubwa. Ngazi ya pili ni ya kumbukumbu za mwaka uliopita, zinazotafutwa mara chache, mathalani wakati wa ukaguzi wa hesabu. Diski ya nje inayofungiwa kabatini hutosha. Ngazi ya tatu ni ghala la mbali, rahisi kwa bei lakini zito kufunguka. Kwa mfano, kampuni ya Amazon ilipoanzisha huduma ya Glacier mwaka wa 2012, urejeshaji wa kawaida wa faili ulichukua saa 3 hadi 5. Anayehitaji mkataba mbele ya hakimu asubuhi hiyo hiyo hawezi kuutegemea mpango huo.

Ikumbukwe kwamba kuhamisha si kunakili. Faili iliyopelekwa ngazi ya tatu ikiwa nakala moja pekee ingali hatarini. Mfugaji aliyepeleka kundi lake lote upande mmoja naye hana akiba.

Kanuni za muda

Swali linalozuka ni hili: kumbukumbu ikae muda gani? Jibu hutolewa na sheria kabla ya mazoea. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 humtaka mlipakodi ahifadhi hati zake kwa miaka 5 tangu mwisho wa kipindi cha hesabu, katika mojawapo ya lugha rasmi. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara wa Isiolo anaweza kuandika daftari lake kwa Kiswahili na likakubalika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 huagiza maelezo ya mwajiriwa yahifadhiwe miaka 5 baada ya ajira kukoma. Aliyeondoka Machi 2021, maelezo yake yalipaswa kuwapo hadi Machi 2026. Madai ya mikataba nayo huweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6. Hati inayoguswa na sheria mbili hufuata muda ulio mrefu zaidi, na kesi ikiwa imeanza, ufutaji husimama hadi iamuliwe.

Hata hivyo, kuhifadhi milele si busara. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hukataza kushikilia taarifa za mtu kupita muda unaohitajika. Nakala za vitambulisho vya wateja waliokoma kununua miaka mingi iliyopita ni mzigo wa kisheria.

Gharama ya kupotea

Historia ya Kenya inatoa ushahidi. Mwaka wa 2011, wakati wa kesi ya wapiganaji wa Mau Mau jijini London, ilifichuka kwamba faili za kikoloni zilizoondolewa nchini zilikuwa zimefichwa Hanslope Park, Uingereza. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Faili hizo zilizolala nusu karne ziliupa nguvu ushahidi wa wazee. Nyingine zilichomwa kabla ya uhuru, na hakuna mahakama inayoweza kuziita.

Hitimisho

Ni bayana, basi, kwamba kanuni ya uhifadhi ni vyema iandikwe, itaje aina ya kumbukumbu, ngazi yake, tarehe ya kuhama, tarehe ya kufutwa na mtu mwenye idhini ya kufuta. Karatasi moja ukutani yatosha kwa duka dogo. Mwenye duka akikosa hiyo, kitakachomwamulia ni mchwa, mafuriko au diski iliyokufa, na siku mfanyakazi wa zamani atakapodai haki yake, si yeye wala mwajiri atakayekuwa na la kuonyesha.